Ibilisi mnunua roho: tumpe hati na kalamu, tuache kumpiga mapanga

#1 Mshika Dadu

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimeuweka kiporo muda mrefu, kwa sababu nilitaka kwanza nimjaribu huyu kiumbe mezani mara za kutosha. Namzungumzia ibilisi anayenunua roho kwenye magemu ya uigizaji ya mezani (kila mchezaji anaigiza mhusika wake, msimulizi anaongoza hadithi, dadu inaamua), yule anayekuja na hati mkononi na tabasamu la mtu asiye na haraka. Katika mazimwi yote yaliyomo vitabuni, huyu ndiye tunayemharibu zaidi sisi wasimulizi. Joka tunalipa heshima yake, tunalitangaza vikao vitano kabla halijaonekana. Ibilisi tunamweka chumba cha mwisho, tunampa moto na mkuki, anauawa raundi ya tatu, na hati yake inabaki sakafuni bila kusomwa na mtu.

Mimi pia nilianza hivyo. Wachezaji wangu wanne walimkuta amekaa kitini, akawaahidi dhahabu na upanga wa nguvu, wakamkatalia kabla hajamaliza sentensi. Ni haki yao. Kila aliyewahi kusimuliwa hadithi anajua mwisho wa mtu anayeuza roho. Wakampiga, wakapekua mifuko yake, wakaendelea na safari.

Mara ya pili iliniuma zaidi, maana mmoja alikubali. Akatia saini chapuchapu, akachukua upanga, akaniambia: "Roho ataichukua nikifa. Nikifa si natengeneza mhusika mwingine?" Sikuwa na jibu. Bei inayodaiwa baada ya karatasi ya mhusika kuwekwa pembeni haimgusi mchezaji hata kidogo. Nilikuwa nimegawa upanga bure.

Tangu hapo nimeamini mambo mawili kuhusu huyu kiumbe, na ndiyo yaliyonifanya niandike. Ofa yake lazima ije wakati ambao mchezaji mwenyewe, yule aliyekaa kwenye kiti na siyo mhusika wake tu, anaitaka kwa moyo wake wote. Na bei lazima ianze kulipwa mhusika akiwa bado anatembea.

Tuanze na kanuni zenyewe, maana watu wanadhani ninabuni. Dungeons & Dragons, gemu tunalolicheza, ilitoka 1974, na maibilisi wakaingia kwenye kitabu chake cha mazimwi cha 1977, Asmodeus, mtawala wao, juu kabisa na lemure, ibilisi duni, chini kabisa. Toleo la pili la 1989 liliwaacha nje, wakarudi 1991 wakiitwa baatezu, na toleo la tatu la 2000 likawarudishia jina lao. Majina yalipita, tabia ikabaki: hawa ni viumbe wa sheria na vyeo. Wale wa fujo wanaobomoa kila kitu, wanaoitwa demons, ni jamii nyingine kabisa na wanachukiana nao.

Sasa soma toleo la tano la 2014. Ibilisi akiuawa nje ya Jehanamu Tisa, yaani kwao, mwili wake unatoweka na yeye anajikuta amerudi huko. Kufa kabisa ni mpaka auawe hukohuko kwake. Kwa hiyo zile raundi tatu za mapanga, kwake yeye, zilikuwa nauli ya kurudi nyumbani. Kiumbe wa namna hiyo apigane na wewe kwa faida gani? Ameishi miaka mingi kuliko falme unazozipita njiani. Ukimkatalia leo, atamngoja mwanao.

Halafu mtazame lemure. Pointi za uhai 13, akili 1, mwendo wa kujikokota. Ndiye roho iliyouzwa ikishafikishwa kule. Wasimulizi wengi humtumia kama takataka ya kufyeka njiani. Mimi nilikuja kugundua mstari mmoja mdogo kwenye maelezo yake: anaielewa lugha ya kule, ila hawezi kusema. Anaelewa! Sasa kabla ya ibilisi kuonekana kwenye kampeni yangu (hadithi moja ndefu ya vikao vingi), wachezaji hukutana na lemure mmoja anayegeuka kila akisikia jina fulani. Hilo jina wamewahi kulisikia mahali, mjini, kwa mjane. Sielezi zaidi. Wakishaunganisha wenyewe, bei ya roho haihitaji hotuba.

Kuna jambo jingine ambalo sisi tunaocheza kwa Kiswahili tumekalia bila kulitumia. Neno "roho" lenyewe. Mtu akifa tunasema amekata roho. Mwenye husuda ana roho mbaya. Asiyekufa kirahisi ana roho ya paka. Mwenye wasiwasi yuko roho juu. Hayo yote ni neno lilelile, na ibilisi wa sheria anaishi ndani ya neno. Hati inaposema "roho ya fulani", ni ipi kati ya hizo? Na "nafsi" je? Kwangu nimeamua hivi: roho inachukuliwa mtu anapoikata, ibilisi akiwa ameshika ncha ya pili ya uzi akingoja ukatike. Nafsi inachukuliwa ukiwa hai, maana nafsi ndiyo wewe: jina lako, kumbukumbu zako, kinachokuchekesha, unayempenda. Ibilisi mchanga anaomba roho. Ibilisi mzoefu anaomba nafsi, tena hainunui. Anaiweka rehani.

Rehani ndiyo iliyoniokoa. Kuuza ni mara moja, mambo yameisha. Rehani ina tarehe, ina riba, na ina matumaini ya kukomboa, na matumaini hayo ndiyo yanayomrudisha mchezaji kwa ibilisi kila baada ya vikao viwili. Sisi wenyewe tunasema mtu ameweka maisha yake rehani, tukimaanisha amehatarisha uhai wake. Nimelichukua neno kama lilivyo na kulifanya kanuni.

Kiumbe wangu namwita Mshika Rehani. Ana pointi za uhai 75, hatumii silaha, haungui kwa moto kama maibilisi wenzake. Mambo yake ni haya. Hasemi uongo, hata kidogo. Swali asilotaka kulijibu analikataa waziwazi. Kila jeraha analopigwa, nusu yake inakwenda kwa watu walioweka kitu rehani kwake, popote walipo. Na akifukuzwa kurudi kwao, mikataba yake haifi: inarithiwa na mkubwa wake, ambaye hakuahidi upole wowote. Hilo la mwisho limenipa kikao bora kuliko vyote nilivyosimamia. Wachezaji watatu waliosaini walijikuta wanamlinda ibilisi wao usiku kucha, huku wakimchukia, kwa sababu mshindani wake alikuwa amekuja kumuua, na mikataba yao ingeangukia kwa yule mkubwa.

Sasa nieleze wakati. Ofa usiipeleke nyumba ya wageni watu wakiwa wameshiba na wana pointi zote. Ipeleke pale dadu inapozunguka.

Kwenye kampeni ninayoendesha, mpiga mishale wa kundi alianguka, pointi za uhai zimemwishia. Wa toleo la tano mnajua utaratibu wa kupigania uhai: kila zamu unarusha dadu ya pande 20, kuanzia 10 umefaulu, chini ya hapo umefeli. Ukifaulu mara tatu umetulia, ukifeli mara tatu umekufa. Yeye alikuwa na mbili huku na mbili huku. Akarusha. Dadu ikiwa bado inazunguka nikaifunika kwa kikombe. Hakuna aliyeona namba, hata mimi.

Nikanyamaza kwa muda. Kisha nikasema kwa sauti ya Mshika Rehani, taratibu: "Chini ya kikombe hiki kuna namba. Naweza kuifanya 20, ukaamka, ukasimama. Nataka uweke rehani kitu kimoja tu."

"Kitu gani?"

"Sura ya mama yako."

Mchezaji akauliza, na lilikuwa swali zuri: "Namba iliyopo sasa ni ngapi?"

"Hilo siliuzi."

Alikaa kimya, nadhani dakika mbili nzima. Wenzake hawakumshauri. Akatia saini. Nikainua kikombe. Ilikuwa 17.

Angepona bila msaada wa mtu. Angelala pale chini, ametulia, wenzake wangembeba. Ibilisi hakumwambia kwamba atakufa. Alimwambia kwamba anaweza kuifanya 20, akaifanya. Tangu kikao hicho, kila mwanamke mzee wanayekutana naye ninamwelezea kwa maneno yaleyale, bila kubadilisha hata nukta: "Mwanamke mzee, amejifunga kitambaa, anakutazama." Mchezaji ameanza kumsemesha kila mmoja wao, kwa adabu sana, kwa hofu ya kumpita mama yake.

Naomba mchango wenu, hasa kwa mliowahi kumwendesha huyu kiumbe.

#2 Kalamu ya Mkaa

Mkuu, nimesoma mpaka mwisho na hapo kwenye 17 nimesimama. Ila nina pingamizi, na ni la dhati. Huoni kwamba umemwibia mchezaji? Alikuwa amefaulu kihalali. Dadu ndiyo haki pekee aliyonayo mchezaji mbele ya msimulizi, na wewe umeifunika.

#3 Mshika Dadu

Pingamizi lako nalipokea, nililiwaza sana kabla ya kile kikao. Ndiyo maana nilitumia kikombe badala ya kuchungulia. Ningekuwa ninaijua namba, huo ungekuwa wizi kweli. Pia angekataa, namba ingesimama kama ilivyo, 17 au 2, na nisingegusa kitu. Nilimwambia hivyo wazi kabla hajaamua. Alichouziwa ni kutosubiri.

Ninachokwepa kabisa ni ile tabia ya maandishi madogo chini ya ukurasa. Msimulizi anaandika hati ndefu, anaficha kifungu, halafu miezi sita baadaye anakichomoa kwa furaha. Mchezaji hapo hamchukii ibilisi, anakuchukia wewe, na ana haki. Hati zangu hazizidi sentensi tatu. Nazisoma kwa sauti, naziandika kwenye karatasi halisi, nampa mchezaji aihifadhi yeye. Mtego unakuwa kwenye kitu ambacho hakuuliza.

#4 Zumari

Mimi naongezea upande wa hadithi za kale, maana nimezisoma kwa ajili ya kampeni yangu. Kitabu cha kwanza kuchapishwa cha Faust, msomi aliyemuuzia shetani roho yake, kilitoka Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1587, na mkataba wake una muda maalumu: miaka 24. Muda ukiisha, deni linachukuliwa. Lakini Goethe, mwandishi wa Kijerumani, kwenye sehemu ya kwanza ya tamthilia yake, 1808, alibadilisha msingi wenyewe. Hakuna miaka. Kuna dau: siku Faust atakapoiambia dakika moja ya maisha yake ikae isiondoke, kwa kuwa ni nzuri mno, hapo amekwisha.

Kwa mezani naona huo wa pili ni bora mara kumi. Miaka 24 ya mhusika unaweza usiifikie hata ukicheza mpaka nywele zikuote mvi, au msimulizi akairuka kwa sentensi moja. Lakini sharti la neno liko mdomoni mwa mchezaji kila kikao. Mimi nilimpa mchezaji wangu sharti kwamba asiseme "inatosha" akiwa ndani ya mhusika wake. Basi. Miezi mitatu alikuwa anakwepa hilo neno, anasema "imetimu", "nimeridhika", "tuishie hapa". Siku wamemteka mtesaji wa kijiji kizima, na wenzake wanampiga mateke mateka aliyefungwa, akasimama akapaza sauti: "Inatosha!" Alijua. Alilisema akijua. Nilishindwa kuendelea na kikao kwa muda.

#5 Mshika Dadu

Zumari, hilo la "inatosha" nakuomba ruhusa nilitumie. Umempa ibilisi ushindi ambao mchezaji ndiye ametoka nao kichwa juu, na hapo ndipo huyu kiumbe anafika kilele chake.

Kwenye hadithi za kale kuna pia Theophilus wa Adana, simulizi kongwe kuliko Faust kwa karne nyingi. Mtumishi wa kanisa aliyevuliwa cheo, akaandika hati na shetani ili akirudishiwe, kisha akajuta, na hati ikarudi mikononi mwake kwa maombezi ya Bikira Maria. Kinachonivutia mimi kama msimulizi ni karatasi yenyewe. Hati ni kitu. Inakaa mahali, inaweza kufuatwa, kuibwa, kuombewa, kuchomwa. Wachezaji wakijua hati iko kwenye kabati fulani katika tabaka fulani la Jehanamu, umeshapata safari nzima bila kuchora ramani nyingine.

#6 Binti Sanifu

Habari zenu. Nina swali la kiutendaji. Mchezaji wangu mmoja ni mtu wa imani na aliniambia mapema kwamba hataki kuigiza mtu anayefanya maagano na shetani, hata kwa mchezo. Wengine watatu wanamtaka huyu kiumbe sana. Nifanyeje bila kumtenga?

#7 Mshika Dadu

Mheshimu, na umheshimu kabisa, usimbembeleze. Kitu kizuri ni kwamba ulichonacho hakitegemei jina la shetani. Ondoa pembe, ondoa Jehanamu. Mfanye awe mtunza ghala la kale anayepokea vitu vya ndani ya watu, au mto unaodai kumbukumbu ili ukuvushe. Hati, rehani, sharti na kutosema uongo vinabaki vilevile. Na mwambie huyo mchezaji wazi umefanya hivyo ili aweze kuamua tena. Akisema bado hataki, basi kiumbe huyu aingoje kampeni nyingine. Meza ni ya watu wote waliokaa.

#8 Leveli Moja

Wakuu, mimi ni mgeni kwenye usimulizi, nimesimamia vikao sita tu. Jana nilitaja huu uzi kwa wachezaji wangu, na mmoja akasema mhusika wake atamuuzia ibilisi roho yake mbaya, abaki na nzuri. Alikuwa hatanii. Mhusika wake ana hasira zinazomtesa tangu utotoni na anatamani zimtoke. Nilimwambia nitafikiri. Je, ibilisi akubali?

#9 Kalamu ya Mkaa

Akubali kwa mikono miwili! Pamoja na pingamizi langu la juu, hapa niko upande wa ibilisi.

#10 Mshika Dadu

Akubali, na asimdanganye. Leveli Moja, una dhahabu mkononi, iendee polepole.

Roho mbaya ikishatoka, fikiria vitu viwili. Kwanza, ndani yake kulikuwa na nini kingine? Mtu mwenye hasira tangu utotoni, mara nyingi hasira hiyohiyo ndiyo iliyokuwa inamwamsha usiku akisikia mlango, na ndiyo iliyomfanya amkatalie mnyanyasaji. Vikao viwili vya kwanza mpe amani tupu. Alale vizuri, watoto wamkimbilie. Usiiharibu amani hiyo, mwache aipende kwa kweli. Kisha wenzake waonewe mbele yake, na umuulize kwa upole: "Unasikia nini ndani?" Jibu la kweli, kwa mkataba alioutia saini, ni kwamba hasikii kitu. Anaweza bado kuchagua kusimama na kupigana, ila itakuwa kwa uamuzi mtupu, bila moto wowote wa kumsukuma. Usimkataze kupigana.

Pili, roho mbaya ilikwenda wapi? Ibilisi ni mfanyabiashara, hatupi bidhaa. Ataivalisha mwili. Baada ya muda anaanza kusikika mtu njiani, anajua siri zote za mhusika wako, anajua njia anazopenda kupita, ana makovu yaleyale. Na huyo mtu ana manung'uniko ya haki: alitupwa. Alibeba hasira yote ya utotoni ili mwenzake aishi, halafu akauzwa. Nadhani wachezaji wako watakaa naye kuzungumza kabla hawajafikiria kumpiga.

Ukombozi wa rehani hiyo uwe rahisi kuutamka na mgumu kuufanya: mhusika amwite yule mtu kwa jina lake mwenyewe, na amkubali arudi.

#11 Leveli Moja

Mkuu nimeinakili yote daftarini. Asante sana.

#12 Binti Sanifu

Nimerudi na mrejesho. Nilizungumza na mchezaji wangu wa imani, akafurahia wazo la mto. Jana tumecheza, na kikombe nimekitumia.

Mhusika wake, mganga wa kundi, alikuwa amefeli mbili na kufaulu moja. Alirusha, nikafunika. Mto ukaongea. Ukamwomba sauti ya kuimba, kwa sababu tangu kikao cha kwanza huyu mganga amekuwa akiimba anapotibu majeraha, na meza yote imeizoea. Mchezaji alikitazama kikombe. Akauliza kama mto unaweza kudanganya, nikamwambia hauwezi. Akauliza kama wenzake wataendelea kutibiwa akikubali, mto ukasema ndiyo, wataendelea kutibiwa, kimyakimya.

Akasema hapana. Akainua kikombe yeye mwenyewe, hakuningoja.

Ilikuwa 4.

Tulikaa. Mmoja wa wenzake alianza kuuimba ule wimbo, vibaya, hajui maneno yote, na mwenye mhusika akawa anamsahihisha palipokosewa. Halafu akachukua karatasi yake, akaikunja, akaomba karatasi mpya. Anataka kucheza mdogo wa huyo mganga aliyekufa, mdogo ambaye ameusikia huo wimbo maisha yake yote na anautafuta huo mto.